Vidole Vyangu Vilifunguliwa Katika Udongo wa Mama

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu wa Homa Bay na Migori! Nyinyi wa nyuma sijawasikia. Sifa kwa Bwana!

Mimi ni Elisha Otieno, mpiga piano. Si kinanda cha kukanyaga kama hiki cha kanisa, hapana. Piano yenyewe, ile nyeusi, ndefu kama ng'ombe amelala. Na muziki wenyewe ni ule wa Wazungu wa zamani, ambao watu wanausikiliza kimya kabisa, hata kukohoa wanaogopa. Nimepiga Kisumu, Nairobi, Kampala, na London nimefika kwa ndege. Shule niliacha darasa la tatu. Nani mwingine Nyanza Kusini hii amefanya hivyo? Nitajieni!

Nilianza kama mfanyakazi wa nyumba ya mmishonari, upande wa Migori. Kazi ilikuwa kupangusa vumbi, na mimi piano niliipangusa kuliko viti! Mke wa mmishonari alinisikia, akaacha chai yake ipoe, akaanza kunifundisha. Nota nilizisoma kabla sijaweza kusoma gazeti. Nilijisukuma mwenyewe, ndugu zangu.

Basi, bendera yetu ya Uhuru ikiwa bado mpya, nikaitwa Nairobi nipige mbele ya wakubwa. Suti nimeshashonesha. Ndipo baba akafariki, huko kwetu Ndhiwa.

Mnajua desturi. Mzee akifa, wanaume hukimbiza ng'ombe kwa mikuki na pembe, wakifukuza kifo kitoke bomani, hiyo ndiyo tero buru. Na mimi ndiye mwana wa kwanza. Binamu yangu Ochieng akaitazama mikono yangu mbele ya watu, akacheka.

"Omera, ndugu yangu, wewe kaa na akina mama. Fahali wa mzee anataka mwanamume, si vidole vya kubembeleza mbao!"

Mimi niambiwe hivyo? Nilinyakua kamba ya fahali, nikaizungusha mkononi, nikaizungusha tena. Kila mtoto anayechunga ng'ombe hukatazwa jambo hilo, lakini mimi nilikuwa nimekaa na piano miaka mingi. Pembe zikalia, fahali akaruka, akaniburuta hadi kwenye mkonge. Walipoikata ile kamba, mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba kama muhogo.

Uvimbe uliisha, lakini vidole vikabaki vimekunjika kama miguu ya kuku aliyekufa. Daktari akasema, "Jembe utashika, Bwana Otieno. Piano sahau." Nairobi wakamwita mtu mwingine. Ndugu zangu, mimi niliyejaza kumbi, mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati! Hata kuomba niliacha.

Mama yangu ni mfinyanzi. Alinikuta nyuma ya nyumba nimeinama, akaniwekea bonge la udongo mapajani.

"Nyathina, kanda."

"Mama, hiyo ni kazi ya wanawake."

"Na kulia hapa kutwa ni kazi ya nani? Kanda, mwanangu."

Sisi Wajaluo, mwanamume hakai na wafinyanzi. Mimi nilikaa! Walinicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi Wasio ndiye aliyezidi: "Haya, Bwana London! Hicho chungu chako kitapikiwa nini?" Nikakanda. Uchungu ulinitoa jasho. Mama akawa pembeni anaomba kwa sauti, akitaja kidole kimoja kimoja kama mtu anayeita watoto waje kula. Mvua ikaja, ikaenda, mimi nakanda tu. Na kuomba kukarudi mdomoni mwangu, polepole.

Mchana mmoja, Shangazi Wasio alinyunyiza maji kwenye udongo wangu. Kidole kidogo kikazama chenyewe, kikainuka. Kisha vingine! Nikapiga kelele. Akina mama wakaacha vyungu, vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Na Wasio aliyenicheka ndiye aliyelia kuliko wote. Daktari alisema sahau, Bwana akasema kanda!

Mwaka uliofuata piano ilishushwa kutoka melini hapa Homa Bay, wanaume wakaibeba kwa nyimbo hadi ukumbi wa shule. Viti vya mbele niliwapa wafinyanzi, wakubwa wakakaa nyuma yao. Nilipiga kuliko London, na sijisifu, ndiyo kweli. Mama aliuliza tu kwa nini nimepiga muda wote ule bila kuimba. Ochieng akaja, akaushika mkono huu, akasema, "Omera, fahali wa mzee ameshindwa."

Ero kamano, Nyasaye! Asante, Mungu wangu! Kidole kimoja bado kimepinda kidogo, nacho ndicho ninachokipenda.

Ndugu yangu, kama kuna kitu chako kimekunjika, mpe Bwana, hata kama atakuketisha mahali pa kuchekwa. Mtumaini! Na mkitoka leo, nitakuwa pale mlangoni. Msinipungie kwa mbali. Njooni mniminye mkono huu, kwa nguvu zenu zote. Nao utawaminya ninyi pia.