Wanaosema Kandambili

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi viatu, na kahawa nauza mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa mtaa lazima upite masikioni mwangu. Tangu vita ianze na daraja lifungwe, fundi hana habari za binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mara ya mwisho binti alikuwa na mimba kubwa. Wenzake, badala ya kumpa pole, wanamletea ya redioni.

— Mji wa ng'ambo umesafishwa, — alisema Masikio, dereva ambaye siku hizi hana gari. — Wametangaza asubuhi.

— Umesafishwa vipi? — fundi akauliza. — Si kuna watu mle?

— Watu gani? Maadui!

— Na binti yangu naye adui?

— Alijiozesha huko mwenyewe, — kinyozi akadakia. — Mie simo. Ila wale wanatia sumu visimani.

— Visima tu? — Masikio akasema. — Shemeji yangu kasikia wanatia mpaka mawinguni. Mvua ya juzi si ilinuka?

— Ulinuka mtaro, — nikasema. — Umeziba.

— Mama Kahawa, wewe mimina tu. Sasa wanatuma wanawake wenye watoto mgongoni. Majasusi hao! Redio imesema utawajua kwa neno moja: ndala wao wanaita kandambili.

— Hata marehemu mama yangu aliita kandambili, — fundi akasema.

Masikio akamkazia macho. Kinyozi naye. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamkazia.

— Natania jamani! — fundi akajitetea. Juzi tu mshona nguo wa jirani alichukuliwa kwa maneno kama hayo, na hadi leo hajarudi.

Ndipo akatokea msichana, vumbi hadi kwenye nyusi, kichanga mgongoni, mguu mmoja mtupu.

— Shikamooni. Mnisamehe kuja hivi, kandambili yangu imekatika njiani.

Kinyozi akasogea mwisho kabisa wa benchi.

— Namtafuta fundi viatu. Huyu ni mjukuu wake. Mama yake alinikabidhi kabla hajakata roho. Fundi ni yupi kati yenu?

Masikio akageukia mtaro. Mimi nikashika birika, sikumimina. Fundi alikuwa ameshaificha sindano yake chini ya paja, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

— Fundi alihama, mwanangu, — akasema.