Mbuzi wa Narung'ombe, Mayai ya Mtua

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Dafrosa Maximilian, mtoto wa Mtua, Nachingwea. Tumemzika Jumamosi. Alikuwa mwanaakiolojia. Mnisamehe, leo sina sauti ya kubembeleza.

Dafrosa alichimba jalala. Ndiyo, jalala. Kule Narung'ombe, Ruangwa, alipata shimo la takataka la kaya moja ya zamani sana, akalichimba lote na kuchekecha udongo wake. Watu wakamcheka: "Mwenzetu kasoma mpaka kaishia jalalani!" Naye akacheka nao.

Alikuwa anatafuta mifupa ya mbuzi, hasa meno. Jino humwonyesha mtaalamu mnyama alichinjwa akiwa na umri gani, na mfupa wa nyonga humwonyesha kama ni dume au jike. Na mifupa ile ilianza kusema: madume waliliwa wangali wachanga, majike waliachwa wazae mpaka wakazeeka. Kumbe wazee wetu walifuga kwa mpango! Sisi tuliambiwa waliishi kwa kuwinda tu, kama vile hawakuwa na akili ya kesho. Dafrosa alitaka kuonyesha kwamba si kweli. Ushahidi wake ulikuwa mifupa ile, na mifupa ile tu.

Kabla hajapima hata nusu, saratani ikamlaza. Aliomba hifadhi ya mifupa kwenye ofisi moja, nisiitaje, akaambiwa nafasi hakuna. Mifupa, magunia mawili, ikaenda Mtua, kwenye stoo ya mdogo wake, Saturnini, mfuga kuku.

Daktari akamwambia Dafrosa ale mayai. Lakini kuku wa Saturnini walikuwa wanataga mayai ya ganda laini, yanapasuka njiani. Wafugaji mnajua dawa yake: mifupa inachomwa, inatwangwa, inachanganywa na pumba.

Saturnini ameniambia mwenyewe: "Nikaona mifupa imekaa tu stoo, imetoka jalalani, na dada mwenyewe anaiita takataka za wazee. Nikachoma, nikatwanga. Mimi nilitaka dada yangu ale."

Winfrida, binti wa Dafrosa, alikuwepo hospitalini Saturnini alipopeleka mayai. Anasema mama yake aligonga yai, akalisifia ganda. "Satu, kuku unawapa nini siku hizi?"

Saturnini akamweleza, tena kwa furaha.

"Yote?"

"Yote, dada. Sikubakiza."

Dafrosa akamaliza lile yai. Kisha akasema, "Haya, nimenyee na jingine." Akala. Habari ya mifupa hakuigusa tena mpaka anafariki.

Shimo halichimbwi mara mbili, wasikilizaji wapendwa. Kilichotoka kimetoka. Pole Winfrida, pole Saturnini, poleni ndugu zetu wa Mtua na Narung'ombe. Na wewe mwenye ofisi, uliyekosa kona ya kuweka magunia mawili, jitafakari. Sisi tuliocheka pia, tujitafakari. Inauma, na siwezi kusema vinginevyo.

Jana nilipoaga Mtua, Saturnini alinifungia mayai. Nimekuja nayo studio, yako hapa mbele yangu. Maganda ni magumu kweli. Sijui niyafanye nini.