Hema la Shukrani la Tabitha Mwihaki Mbugua (1941–2007)

Marehemu Tabitha Mwihaki alizaliwa Dagoretti tarehe 14 Machi 1941, kifungua mimba wa marehemu Hezekiah na Shiko.

Alisoma shule ya kanisa papa hapa. Hali ya Hatari ya wakoloni ikamtoa darasani. Alirudi akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, wala hakuona haya.

Kuanzia 1965 hadi 1996 alikuwa opereta wa simu wa kampuni ya bima, kwanza katikati ya jiji, kisha Westlands. Hakupenda mtu angoje. Mteja mmoja, Mbugua, alipiga siku moja kulalamika. Kesho yake akapiga tena, na malalamiko hana. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1966.

Mnamo Novemba 2006 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi, akachomwa mionzi. Agosti mwaka huu daktari alimwambia Mbugua, "Mzee, uvimbe umeisha. Lakini mionzi imegusa uboho wa mifupa, na huko ndiko askari wa mwili wa kupigana na magonjwa hutengenezwa. Kijana huwarudisha haraka. Mama ana miaka sitini na sita, watachelewa. Msimjazie watu."

Mbugua alisikia "umeisha" akalia kwa furaha. Alikodi hema la ibada ya shukrani, Jumamosi tarehe 22 Septemba. Ila geti alilifunga, na ufunguo akautia mfukoni.

Ijumaa ya tarehe 14 akina mama wa kanisa walikuja kumwona. Mwihaki alimnyooshea mumewe mkono.

"Baba Kiragu, leta ufunguo. Watu wamekuja kuniona niwaache kwa geti? Kwani wanauza sufuria?"

Mbugua hajawahi kumshinda kwa maneno. Waliingia, wakaimba, wakamkumbatia mmoja mmoja. Aliyekuwa na kikohozi kati yao hakujua kingemdhuru, wala hatutamtafuta.

Jumapili alishikwa na homa. Jumanne, tarehe 18 Septemba, homa ya mapafu ikamchukua. Hatuamini. Tulikuwa tumejiandaa kwa simba, tukaumwa na kitu ambacho mjukuu wake alikipata akapona kwa chai ya tangawizi.

Ameacha mumewe Mbugua, watoto wake Kiragu na Njambi, na wajukuu watano. Hema mliloketi chini yake ni lile la shukrani. Mbugua alikataa kulirudisha. Asubuhi hii alifungua geti mwenyewe, akasema lisifungwe.

Pumzika kwa amani, Mwihaki. Wageni wako wameingia wote.