Ermelina Fernandes na Makopo Yaliyolowa Mvua

Jumapili tarehe 16 Juni 2019, saa nne asubuhi, baada ya misa, mama yetu mpendwa Ermelina Fernandes aliutua mzigo alioubeba miaka thelathini na mitatu, na sisi tuliomwuguza tunashuhudia kwamba tangu saa ile alilala usingizi mtulivu, hadi Mungu alipomwita.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1947 hapa Vengurla, pwani ya magharibi ya India, mtoto wa nne wa mzee Kaitan Rodrigues na mama Joakina, akasoma kwa masista hadi darasa la saba, na tarehe 28 Desemba 1968 akafunga ndoa na marehemu baba yetu Minguel, seremala, wakajaliwa watoto watatu, Rosalin, Anton na Filomena.

Mwaka 1972, baada ya mafunzo ya wiki sita, alifungua kibanda nyuma ya nyumba, akiwa na sufuria mbili na mashine ya mkono ya kufunga makopo, na wenye mashamba wakaanza kumletea maembe yao ayasage, ayachemshe na kuyafunga, kila mtu akaondoka na rojo la miembe yake mwenyewe. Sheria yake ilikuwa moja, embe la mtu ni la mtu, hivyo aliosha kila chombo kabla ya kupokea kikapu cha mwingine, na kila kopo alilitia alama ya rangi, nyekundu kwa Bwana Dattaram Parab, buluu kwa Bwana Inas Dias, majirani waliogombana juu ya ukuta wa mpaka na kuacha hata kusalimiana.

Tarehe 22 Mei 1986 mvua ilikuja mapema, ikayakuta makopo ya wawili hao uani yakipoa, rangi haijakauka, yote ikatiririka, naye kwa haraka akayatia alama upya kwa kukisia. Miezi mitatu baadaye, sikukuu ya Wahindu ya Ganpati, Bwana Parab alimletea kopo moja la zawadi, akasema, "Onja, dada! Mwaka huu miembe yangu imejishinda yenyewe. Ya yule Dias mpe nguruwe!" Marehemu, ambaye ulimi wake ulijua kila shamba, alionja mara moja tu akajua kwamba lile ni rojo la Dias.

Hakusema, kwa kuogopa kwamba ukuta ule ungezidi kupanda. Kila Kwaresima aliungama, na kila mara padre alimwambia, "Mungu amekwisha kusamehe, mama, waliobaki ni wale wawili."

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, na alipoambiwa kwamba siku zake zinahesabika, hofu yake haikuwa kifo, bali kufa hajasema. Ndipo Jumapili ile ya Juni akawaita wote wawili, wakaketi kila mmoja upande wake wa kitanda bila kutazamana, akawaeleza yote.

Bwana Parab akauliza, "Kwa hiyo mwaka ule wote nilikula embe za huyu?"

"Na ukazisifu sokoni, nilikusikia kwa masikio yangu," akajibu Bwana Dias.

"Wewe je? Si ulimpelekea paroko?"

"Nilimpelekea. Akaomba nyingine!"

Wakacheka wote, na mama akacheka mpaka Filomena akamshika mabega. Bwana Parab akafuta macho, akasema, "Dada, kumbe umetubebea ujinga wetu miaka yote hii."

Tangu siku hiyo walikuja pamoja kumwona, na mama aliagiza kwamba leo, baada ya maziko, makopo yao ya msimu huu yamiminwe katika sufuria moja, kwa ruhusa yake, mara ya kwanza na ya mwisho.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Julai 2019, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, paroko wetu, akina mama wa kibandani waliomenya naye maembe miaka arobaini na saba, na majirani wote, hasa hawa wawili walioketi benchi moja.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Ermelina, ambaye hakutaka cha mtu kipotee, umpe naye kilicho chake, pumziko na amani ya milele. Amina.