Mzee Daftari na Kiwanja cha Kuazima

Ifikapo tarehe 30 Juni, mmisionari wetu, tuliyezoea kumwita Mzee Daftari, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo hiki. Alikuja kutufundisha. Tunamshukuru kwa dhati kwa kukubali, baada ya miaka michache tu, kama kumi hivi, kufundishwa.

Alifika na sanduku la vitabu na kozi ya lugha ya miezi mitatu, iliyomtosha kuhubiri dakika tisini bila huruma. Waumini walivumilia. Wenye busara walikaa karibu na mlango.

Mwaka haujaisha, aliamua kuandika historia ya mahali hapa, maana aliona wenyewe tumechelewa. Niwaeleze vijana utafiti ule ulivyofanyika. Alimwendea mzee mmoja, akamuuliza kama si kweli kwamba ule ukuta wa mawe nyuma ya shule ulikuwa wa ikulu ya mfalme wa kale. Mzee, mtu aliyelelewa vizuri, hakuona sababu ya kumbishia mgeni aliyekuja kwake juani. Akasema ndiyo. Wa pili naye akaona si adabu kumuumbua mwenzake. Kufikia mzee wa kumi na moja, mfalme alikuwa na jeshi, wake saba na tarehe ya kufa.

Aliyemwokoa ni mpishi wa misheni, mama asiyejua kumung'unya maneno. Huku akimenya vitunguu, alimweleza kwamba ikulu ile ilikuwa banda la nguruwe la mmisionari aliyemtangulia. Yeye mwenyewe usichanani alikuwa akipeleka makombo huko, na kama kulikuwa na mfalme, basi alikuwa na miguu minne. Akaongeza kwamba mtu anayetaka kujua haendi kuuliza na jibu mfukoni. Hukaa, akasaidia kazi, akangoja.

Kurasa mia mbili alizokwisha kuandika zikatumika kuwashia jiko. Kwa mara ya kwanza historia yake ilimfaa mtu.

Tangu hapo alimenya vitunguu, akaezeka mapaa, akakaa matangani bila kuandika neno. Alijifunza kwamba salamu haina njia ya mkato, na kwamba mtu mzima akinyamaza, amekwisha kujibu. Vitabu alivyoandika baadaye ni vyembamba na vya kweli, na watoto wetu wanavisoma shuleni.

Mwaka jana makao makuu yalimwagiza aandike kijitabu cha jubilei. Kwa wema wao walishamwandikia sentensi ya kwanza: ardhi yote ya misheni ilitolewa zawadi. Mpishi alikuwa akisema miaka yote kwamba kiwanja cha nyuma babu yake aliwaazima wamisionari tu, nasi tulimwitikia kama watu wanavyomwitikia mpishi. Mzee Daftari akafungua shajara za mmisionari wa kwanza, ambazo kabla yake zilisomwa na mchwa peke yao. Maneno yalikuwamo, kwa wino: kiwanja cha nyuma kimeazimwa mpaka misheni itakapopata pengine.

Sasa, katika kiwanja hicho ndipo ilipo nyumba ya vyumba viwili aliyoahidiwa kuishi akistaafu. Hana nyingine duniani, na kwao hakuna aliyebaki wa kumpokea. Angeifunga tu ile shajara, mchwa wangemaliza kazi. Makao makuu, kwa upendo mkubwa, yalimshauri apumzishe macho. Akayachapa yale maneno ukurasa wa kwanza.

Mwezi uliopita kiwanja kilirudi kwa wenyewe. Makao makuu yalimshukuru kwa barua ya mistari miwili, mmoja ukiwa anwani.

Akafunga mizigo, akapeleka ufunguo mwenyewe. Mpishi aliupokea, akakagua vyumba vyote, akalalamikia buibui, kisha akauliza huyu mdogo wake anadhani anakwenda wapi na masanduku yale. Ukoo wao, alisema, haujaanza leo kuwaazima wageni, ila safari hii masharti atayaandika yeye. Ameyabandika mlangoni: atakaa mpaka atakapotuchoka, na uani atafagia kwa zamu kama watu wengine.

Mzee Daftari, asante kwa kazi, na kwa ukurasa ule. Tunakutakia uzee wenye afya na mwenye nyumba mpole, ingawa hilo la pili tunajua limeshindikana.