Dada Chandmuni Anarudi Kwenye Maua

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu hapa Ranchi, India, Dada Chandmuni Purti, muuguzi mkunga, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Machi. Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa ni mkunga mwenzake na Mmunda mwenzake, wa kabila la vijiji vya msituni. Kijiji chetu na chao vinatenganishwa na kijito tu. Basi msitarajie niandike bila upendeleo.

Alikuja hapa binti mwembamba mwenye chale kipajini, na watu hawakujua kunyamaza. Mama mmoja wa mjini, uchungu umemkolea, alimaka: "Jamani, huyu wa msituni ndiye atakayenizalisha?" Dada akavaa glavu. "Ndiye huyo huyo. Sukuma." Mtoto alitoka salama, na mama yule amerudi kwake mara tatu.

Wanawake wa vijijini kwetu wakiletwa, hukemewa kwa lugha wasiyoijua mpaka wanakuwa mabubu. Dada huingia, huwasalimu kwa Kimundari chetu, kisha huuliza ukoo. "Kumbe wewe ni shangazi yangu! Haya shangazi, vuta pumzi." Shangazi mwenyewe ana miaka kumi na tisa! Nusu ya Wamunda wa mkoa huu ni shangazi zake.

Kilichomuuma ni kimoja. Sikukuu yetu ya maua ya mti wa sal kila kijiji hujipangia siku, na ratiba ya zamu haiitambui. Kila mwaka aliomba ruhusa, kila mwaka akajibiwa, "Si mtacheza ngoma zenu mwakani?" Mama yake, Bi Birsi, ambaye siku hiyo ndiye wa kumvika ua nyweleni, amezeeka na haoni tena. Mwaka jana alimwambia kwenye simu, "Njoo mwanangu, nisije nikamvika jirani ua lako." Alipotusimulia, tulicheka sote. Kisha Dada akaingia stoo ya mashuka, akakaa humo kitambo.

Juzi kwenye hafla ya kumuaga, wauguzi vijana walipamba ukumbi mzima kwa maua ya sal. Walikuwa na nia njema, Mungu anawaona. Dada alifika mlangoni akaganda.

"Umekasirika, Sista?" akauliza mganga mkuu. "Si maua ya kwenu haya?"

"Ni ya kwetu, daktari. Ndiyo maana siwezi kukaa chini yake kabla kuhani wa kijiji hajayatolea sadaka."

Aliyesogea kwanza ni Metroni, mkuu wa wauguzi, yule yule aliyekuwa akimjibu "mwakani". Alibeba birika, akasema, "Chai hunyweka hata uani." Tukala sambusa katikati ya kamba za mashuka, na Metroni akamwomba Dada radhi mbele yetu sote. Mimi nililia, sifichi.

Kijiji chao kimepanga sikukuu Jumapili hii. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hana wa kumwomba ruhusa.

Dada Chandmuni, asante kwa kila mtoto uliyempokea na kila mama uliyemrudishia sauti. Nenda ukaishi vyema, ukacheze mpaka miguu ikukatae, unywe pombe ya mchele na sehemu yangu pia. Nami niliomba ruhusa. Nimepangiwa zamu yako. Kwa hiyo Bi Birsi akikipapasa kichwa chako na kukuvika ua, tafadhali usinipigie simu. Mkunga akilia, wazazi wataogopa.