Ukuta wa Chumba cha Pesa

MNIKO: Haloo? Ni duka la Noordin hapa, Migori. Nani anaongea?

MILKA: Haloo, baba? Ni mimi Milka. Bibi ya Sammy.

MNIKO: Milka! Habari ya Homa Bay, mama? Watoto?

MILKA: Wazima, baba. Na nyinyi?

MNIKO: Tupo. Ni mgongo tu. Noordin ameenda Isebania na pikapu, ameniachia duka. Mbona sauti yako inakwaruza hivyo?

MILKA: Niko kwa simu ya sarafu, nje ya posta. Baba, nina haraka. Ile benki ya zamani, ile ulijenga—

MNIKO: Tulijenga wengi. Mimi nilikuwa fundi wa mawe, mwaka wa hamsini na tatu. Lakini yale matao matatu ya mbele, kila jiwe nililichonga kwa mkono wangu. Wameipaka rangi?

MILKA: Wanaibomoa.

MNIKO: Nani?

MILKA: Tajiri fulani ameinunua, anataka kuweka ghorofa la vioo. Matao yaliangushwa jana.

MNIKO: Yote?

MILKA: Yote. Pole, baba. Lakini sijapiga kwa sababu ya matao. Leo wako ndani. Unakumbuka kile chumba cha kuwekea pesa?

MNIKO: Nikisahau hicho nimesahau jina langu. Dari lake ni zege tupu, nene hivi, na vyuma vya reli ndani yake.

MILKA: Sasa ule ukuta unaotazama ukumbi, wanatoa mawe yake. Wanaanza na ya chini, ati hayo ndiyo mazuri ya kuuza. Nikiwapelekea uji nimeona ufa. Kutoka mlangoni mpaka juu. Kidole kinaingia.

MNIKO: Ngoja. Wanatoa ya chini—

MILKA: Ndio.

MNIKO: —na dari bado liko?

MILKA: Liko.

MNIKO: Wamelisimamishia magogo?

MILKA: Sijaona gogo hata moja.

MNIKO: Milka, huo ukuta ndio umebeba dari! Unavunja zege kwanza, kutoka juu, ndio unagusa ukuta. Fundi wao ni nani?

MILKA: Hawana fundi. Kuna msimamizi anaitwa Mokaya. Nimemwambia. Akasema mama uji apike uji.

MNIKO: Mwambie ni Mniko amesema, aliyeujenga. Watu watoke. Wako wangapi ndani?

MILKA: Wanne.

[Mlio wa simu. Sarafu inaanguka.]

MNIKO: Uko?

MILKA: Nipo. Nimeongeza.

MNIKO: Unalia, mama?

MILKA: Sammy ni mmoja wao.

[Laini inakwaruza.]

MNIKO: Sammy wangu? Si aliniambia yuko stoo ya mahindi?

MILKA: Stoo ilifungwa. Alikuwa anaona haya, baba. Alisema, mzee asijue ni mimi nimeangusha matao yake.

MNIKO: Matao ni mawe! Kimbia umtoe! Acha simu hivyo hivyo, nangoja.

MILKA: Naenda—

[Mkonga wa simu unagonga ukuta wa kibanda. Nyundo zinasikika kwa mbali.]

MNIKO: Mwambie asipitie mlangoni, huo ufa… Hapana, hakuna pengine pa kupita. Meneja wa benki alikataa dirisha. Nikaliziba mimi mwenyewe… Sammy. Toka tu, baba. Hakuna mtu amekasirika.

[Kishindo. Mayowe.]

MNIKO: Milka! Ni nini hiyo? Milka! Kuna mtu hapo? Yeyote, shika simu! Haloo!

[Mlio. Muda unapita. Mlio tena. Sarafu inaanguka.]

MILKA: Baba.

MNIKO: Sema.

MILKA: Nilifika pale. Aliniona. Akanipungia mkono, akasema anamalizia jiwe moja.

MNIKO: Halafu?

MILKA: Watatu wametoka. Weupe kwa vumbi, hata sikuwatambua. Nikawafuta uso mmoja mmoja.

MNIKO: Watatu.

MILKA: Alikuwa anagonga, baba. Kwa nyundo, kwa chuma ya mlango. Sisi wote tumesikia.

MNIKO: Kama anagonga yuko hai! Waambie waanze juu, upande wa nyuma, wasivute yale mawe ya—

MILKA: Ameacha.

MNIKO: Ameacha nini?

MILKA: Kugonga.

[Mlio. Sarafu inaanguka.]

MILKA: Sarafu zimeisha, baba, hii ndiyo ya mwisho. Wananiuliza kama unajua vile dari linaweza kunyanyuliwa. Niwaambie nini?

MNIKO: Halinyanyuki.

MILKA: Yawa, baba…

MNIKO: Tulilijenga lisinyanyuke. Mwizi alete watu mia, asiliweze. Hivyo ndivyo walitaka, na hivyo ndivyo nilifanya.

[Mlio.]

MNIKO: Milka, enda. Keti karibu na hayo mawe, umwongeleshe. Usikae hapa na mimi.

MILKA: Nikuache peke yako?

MNIKO: Niache. Nafunga duka, natafuta gari. Mwambie babake yuko njiani. Enda, mama, enda—

MILKA: Haya, baba. Nitamwam—

[Laini inakatika.]